Mwenyewe Hayupo

Jumatatu, tarehe 6 Februari

Dada yangu,

Usishtuke kupata barua badala ya simu. Unajua simu inavyonitoa jasho. Ikilia naiangalia mpaka inyamaze, ndipo naanza kupumua. Basi nitakuandikia, nawe uniandikie.

Nimeacha kazi kiwandani. Tulia kwanza, usifoke. Kelele za mashine nilizivumilia miaka tisa bila neno. Kilichonishinda ni vikao vya asubuhi alivyovianzisha msimamizi mpya, kila mtu asimame mbele ya wenzake aseme leo anajisikiaje. Ninavyojisikia ni mali yangu, Dada, na mshahara wangu haukuwa wa hiyo kazi.

Nimefungua duka langu. Ni chumba cha mwisho kwenye safu ya vyumba sita, baada ya kinyozi. Nilikipata kwa dalali, na kwenye karatasi yake aliandika tu "chumba namba sita, duka la viatu". Nimekigawa kwa pazia. Mbele kuna benchi na meza. Nyuma niko mimi na ngozi zangu, gundi, nyundo na msharasi wa kutobolea. Nashona viatu vya watu ambao miguu yao haielewani: mmoja mfupi, mwingine umepinda, mwingine umevimba. Kila mteja namchongea kalibu za mbao, mguu wa kulia na wa kushoto, kama ilivyo miguu yake, kisha kiatu nakishonea juu yake. Kalibu za kwanza kwenye rafu ni zako. Ule mguu wa kushoto uliopungua vidole viwili ndio ulionifundisha kazi, tangu ile siku nilipogundisha kipande cha mlango chini ya ndala yako na mama akanichapa kwa sababu ya mlango.

Dirishani nimebandika karatasi: KARIBU. ACHA KIATU KWENYE SANDUKU. ANDIKA KINAKUUMA WAPI. RUDI IJUMAA. Watu wanaandika vizuri sana, Dada. Mtu akiwa peke yake na kalamu hadanganyi kuhusu mguu wake.

Wapo wanaotaka maneno, lakini nimepata dawa yao. Juzi mama mwenye nyumba alikuja kunijua. Akaita, "Hodi! Mwenyewe yupo?" Nikatoa kichwa kwenye pazia, nimevaa aproni, nikamwambia, "Mwenyewe hayupo." Akasema akirudi nimsalimie. Nikamwahidi nitamsalimia. Nilicheka peke yangu mpaka nikajidunga sindano.

Hiki chumba ndicho nilichokuwa nakitafuta maisha yangu yote. Niombee nikae nacho.

Mdogo wako,
Fundi


Jumapili, tarehe 19 Februari

Mdogo wangu mkaidi,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama wodini, mgonjwa akaniuliza kama nimefiwa. Nilikuwa nacheka na kusonya kwa pamoja, ndiyo maana.

Nakusifu kwa kuthubutu. Lakini biashara gani hiyo mteja anakuta sanduku? Hilo ni duka au ni mahali pa kutoa maoni? Najua utaniambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sawa, baba, lakini hicho kizuri chako umekificha nyuma ya pazia! Na huo uongo wa "mwenyewe hayupo" uache. Mtu hajikani kwenye mlango wake mwenyewe.

Sasa nisikilize. Shemeji yako yuko hapo mjini kwako, na tangu mkataba wake uishe hana la kufanya. Kila akinipigia ni malalamiko: dunia imemwonea, wenzake wamemwonea, hata mvua imemwonea. Mimi huku nasimama kutwa, nikirudi chumbani nasikiliza hayo. Nimechoka, sikufichi. Lakini mdomo anao. Si bure watu walimwita Redio. Mtu akipita na viatu vyake vizima, Redio atamwonyesha kwamba anaumwa.

Mchukue akae mbele ya pazia. Yeye mdomo, wewe mikono. Utapata ukimya wako na wateja juu. Nami nitapata usingizi.

Fanya kwa ajili yangu kama huwezi kufanya kwa ajili yako.

Dada yako


Jumamosi, tarehe 15 Aprili

Dada,

Ulisema kweli, nami nakubali kwa maandishi ili uweke ushahidi.

Shemeji alikuja na kiti chake mwenyewe. Siku ya kwanza aliliondoa sanduku. Siku ya pili akaibandua karatasi yangu dirishani. Iliniuma kidogo, lakini kufikia Jumamosi watu walikuwa wamejaa kwenye benchi mpaka wengine wamekaa kwa kinyozi. Anawauliza habari za watoto. Anajua nani amehama na nani amegombana na nani. Mimi nyuma nasikia tu "hahaha" na kiatu kinapitishwa chini ya pazia. Napima, nachonga, nashona, nakirudisha chini ya pazia. Hakuna anayeniuliza ninavyojisikia.

Yupo Mwalimu mmoja mstaafu ambaye kifundo cha mguu wake kimegeukia ndani. Kwa miaka hakuwa amevaa kiatu kisichomtoa damu. Nilichonga kalibu yake mara tatu kabla sijaridhika. Alipovaa, alitembea mpaka barabarani na kurudi, na nilisikia kwenye hatua zake kwamba hakuumia. Akamshika Shemeji mkono akamwambia, "Una mikono ya baraka wewe." Shemeji akajibu, "Ndiyo kazi yetu, Mwalimu."

Alisema "yetu", kwa hiyo sikununa. Afadhali wamdhani yeye ndiye mwenyewe. Nimwachie yeye jina, mimi niachiwe miguu.

Viatu vyako vyeusi vya kazini vitakuwa tayari mwezi ujao. Uniandikie kama bado unaegemea upande wa kulia ukichoka.

Mdogo wako,
Fundi


Ijumaa, tarehe 2 Juni

Mke wangu, roho yangu, muuguzi wa moyo wangu,

Leo nakuandikia kwa sababu kuna karatasi ndani ya bahasha, la sivyo ningekupigia na kukuimbia kabisa.

Mama, ungeona duka! Ungeona mumeo! Watu wanavuka barabara kuja kunisalimia. Jana mzee mzima ananiita "bosi" na mimi nageuka nyuma kutafuta anaitwa nani. Mwaka jana walikuwa wakiniona wanabadilisha njia. Leo ni bosi huku, bosi kule. Nimenyooka hata mgongo.

Sasa jambo lenyewe ni dogo. Dalali amehama mji, na mama mwenye nyumba anataka kuandikiana upya na kila mwenye chumba, jina na sahihi. Anauliza mwenye duka la viatu ni nani. Nimejaribu kumtoa ndugu yako nyuma ya pazia waonane, wallahi nimejaribu, mara mbili. Kaniambia nimwambie mwenyewe hayupo! Sasa mimi nifanyeje? Chumba kiende kwa mtu wa chipsi kwa sababu fundi ana haya?

Si ulinisomea kwenye simu maneno aliyokuandikia kwa mkono wake? Nimwachie yeye jina, mimi niachiwe miguu. Basi nimeandika jina langu, na wewe weka sahihi hapo palipoandikwa shahidi. Wewe ni damu yake, ukisaini wewe ni kama amesaini yeye.

Usimwandikie mapema. Unamjua, atalala njaa siku tatu kwa wasiwasi. Nitamweleza mwenyewe, polepole.

Mumeo,
Redio asiyeisha betri


Jumapili, tarehe 18 Juni

Mdogo wangu,

Viatu vimefika. Nimevaa wiki nzima na mgongo haukuniuma hata siku moja. Wenzangu wodini wanaulizia.

Nilitaka kukuuliza kitu. Ile barua yako ya Aprili, uliposema unamwachia Shemeji jina, ulisema hivyo moyoni kabisa, au ulikuwa unatania? Nauliza tu. Maana mtu akiandika jambo, anayesoma hulichukua kama lilivyo.

Naye siku hizi hanilalamikii. Amekuwa mtu wa kupendeza tena. Nilikuwa nimesahau kwamba anaweza kuwa hivyo.

Nijibu hilo swali.

Dada yako


Ijumaa, tarehe 30 Juni

Dada,

Nimefurahi kuhusu mgongo. Usivianike juani, ngozi ile inakakamaa. Ukiona kisigino cha kushoto kimeanza kuliwa upande wa nje, nirudishie haraka.

Juzi mama mwenye nyumba alikuja. Shemeji alikuwa amenunua soda kabisa. Waliketi mbele muda mrefu, nikasikia karatasi zikigeuzwa. Mama akauliza, "Na huyo fundi wako huko nyuma, mbona hatoki kusalimia?" Shemeji akacheka akasema, "Ni mtu wa kazi tu, Mama. Mwache na kazi yake." Nilisimama, Dada. Nilishika pazia kabisa. Kisha nikafikiria nitakavyotokea na macho yao wote wawili usoni kwangu, na nitaanza na neno gani, na baada ya neno hilo litafuata lipi. Nilipokuwa bado napanga, wakawa wanaagana.

Nikajiambia ni mambo ya usafi au maji. Shemeji baadaye alinunua ngozi nzuri sana bila mimi kumwomba. Kwa hiyo nadhani mambo ni mazuri.

Mdogo wako,
Fundi


Jumatatu, tarehe 4 Septemba

Kwa Fundi, chumba namba sita

Salamu. Barua yako ya wiki iliyopita nimeipata, na nimeisoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilidhani ni utani.

Unasema wewe ndiye mwenye duka, na kwamba kibao kilichowekwa juu ya mlango chenye jina la Bwana Redio ni dhuluma. Sasa mwanangu, nikuulize, wewe ni nani? Nilikuja Februari kumjua mwenye duka. Ulitoa kichwa ukaniambia hayupo. Nilikuja Machi, ukaniambia hayupo. Nilipokutana nawe bombani nikakuuliza bosi wako ni mtu wa wapi, ukaniambia hujui vizuri. Mwanzo wa Juni nikamtuma binti yangu, naye akarudi na jibu lile lile, hayupo. Kinyozi nimemwuliza. Naye alisikia hivyo hivyo kwa kinywa chako.

Bwana Redio alipokuja kwangu alikuja na miguu yake, akajitaja, akasaini, na dada yako wa kuzaliwa akasaini kama shahidi. Mimi nifuate maneno ya nani? Ya watu wawili waliosaini, au ya mtu ambaye mwaka huu wote hakutaka kuwa yeye?

Sina ugomvi na wewe. Viatu vyangu umevishona vizuri, Bwana Redio ameniambia ni kazi ya mkono wako. Lakini mkataba ni mkataba.

Mama Mwenye Nyumba


Jumapili, tarehe 10 Septemba

Dada,

Nimeiona sahihi yako. Nilimwomba mama mwenye nyumba nakala, akamtuma binti yake ailete, akaipitisha chini ya pazia kama kiatu. Sikuhitaji kusoma jina. Ile herufi ya kwanza unayoizungusha mara mbili, mimi ndiye niliyekuwa naiiga nilipojifunza kuandika.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga husema hivyo. Mimi changu nilikuwa nimekishonea viatu.

Nilimkabili Shemeji. Ndiyo, mimi. Niliandika kwanza kwenye karatasi nikaishika mkononi. Hakukasirika hata kidogo. Alinishika bega akasema, "Shemeji, kwako kitabadilika nini? Utakaa nyuma vile vile, utashona vile vile. Nitakulipa kila mwezi. Si ndivyo ulivyotaka?" Na wateja walikuwepo kwenye benchi, wanatikisa vichwa kwa huruma, wanamwonea huruma yeye. Mmoja akasema, "Bosi, huyu kijana wako umemlea vibaya." Karatasi niliikunja nikaitia mfukoni mwa aproni.

Nimeondoka. Kalibu zote zimebaki, miguu ya watu mia na arobaini na moja, kwa sababu ni "mali ya duka". Nimechukua nyundo, msharasi na zile kalibu zako mbili. Hizo sikuomba ruhusa.

Mwezi wa sita uliniuliza kama nilikuwa natania. Ulikuwa umeshasaini au ulikuwa bado? Nataka hilo tu. Nijibu kwa neno moja, usiniletee mahubiri.

Fundi


Jumatatu, tarehe 25 Septemba

Mdogo wangu,

Nilikuwa nimeshasaini.

Uliomba neno moja lakini utayapata mengine, kwa sababu nami nina moyo. Nilisaini asubuhi, nikakuandikia jioni, na nilipokuwa nafunga bahasha nilikuwa naomba ujibu kwamba hukuwa unatania. Hukujibu. Uliniandikia habari za kuanika viatu. Nikajiambia, basi, amekubali. Nilijua si kweli. Wewe hukuwahi kukubali kitu kwa kunyamaza, wewe hunyamaza kwa sababu unanyamaza. Nimekulea, ninajua tofauti.

Lakini nilitaka mume, unanielewa? Nilimtaka yule mtu aliyenyooka mgongo. Miaka minne nimebeba mwanamume mzima kwa simu. Nilipomsikia anacheka tena, nikaona duka lako ni kitu kidogo, na wewe utapona, wewe siku zote unapona kimya kimya bila kumsumbua mtu. Ndiyo dhambi yangu, nimeitaja.

Nawe taja yako. Ungetoka nyuma ya pazia siku moja. Siku moja tu! Ungesema "ni mimi". Maneno hayo nayo ni mawili, kama yale mengine. Umemwambia kila aliyebisha hodi kwamba hupo, kisha unalia kwamba hawakukuona.

Maji yamemwagika, hayazoleki. Rudi ufanye kazi pale, nitahakikisha anakuheshimu. Au njoo huku kwangu.

Dada yako


Alhamisi, tarehe 30 Novemba

Mdogo wangu,

Barua zangu mbili za Oktoba hukuzijibu, kwa hiyo niliomba ruhusa kazini nikaja. Najua unajua kwamba nilikuja.

Nilianzia dukani. Nilidhani nitamkuta mume wangu amejaa fahari, nikamkuta amejaa viatu vya plastiki vya kuletwa kwa magunia. Vinatoka sana. Hapimi mtu. Mguu usipoingia anamchekesha mteja mpaka auingize. Kalibu zako ziko kwenye pipa kando ya mlango, na moja wanaitumia kuzuia mlango usijifunge na upepo. Nilimwuliza ni ya nani. Akasema, "Ni kipande cha mti tu, mama." Niliinama nikaigeuza. Kifundo kilikuwa kimegeukia ndani. Ilikuwa ya Mwalimu.

Mwalimu ndiye aliyenielekeza kwenye chumba chako kipya. Anasema anakuletea viatu vyake na kuviacha dirishani, na kwamba hata naye hamzungumzi. Aliniambia, "Nilimshukuru mtu asiye yeye, na sijui nianzie wapi kulirekebisha."

Nilifika mchana. Nilisikia nyundo kabla sijafika mlangoni, ule mpigo wako, miwili ya haraka na mmoja wa kungoja. Nikabisha hodi. Nyundo ikanyamaza. Nikasema, "Ni mimi, dada yako. Nimekuja." Nilisikia kiti kikisogea. Nilisikia unapumua, mdogo wangu, mlango ule ni mwembamba.

Kisha ukasema, "Mwenyewe hayupo."

Ulilisema kwa upole, kama unavyomwambia mteja. Nilisimama pale na mkoba wangu. Nilitaka kukuita kwa jina ulilokuwa unaitwa na mama, nikaona sina haki nalo. Nikaondoka. Mpaka leo sijamwambia mtu.

Ukitaka kunitukana, nitukane. Lakini andika.

Dada yako


Jumanne, tarehe 12 Desemba

Dada,

Ndani ya kifurushi hiki kuna viatu vya kazini jozi moja, vyeusi.

Siku ile ulipokuwa unaondoka nilisikiliza hatua zako mpaka kwenye kona. Cha kushoto kinachelewa, na kinagonga kwa upande wa nje. Soli yake imekwisha, na wewe umeanza tena kuegemea kulia, kwa hiyo mgongo lazima unakuuma na hukuniambia. Nimeiongeza soli hii unene wa nusu kidole. Siku tatu za kwanza vivae nyumbani tu.

Chini ya viatu, kwenye gazeti, nimezifunga kalibu zako zote mbili. Nimeziandika vipimo ubavuni kwa msharasi ili visifutike. Fundi yeyote mwenye macho ataweza kuzitumia.

Usiziache zikapata unyevu.

Fundi